Meno kwa Kodi

Mliniacha nimepiga magoti barazani kwa Bi Mkubwa, mwenye nyumba wangu, vidole vyangu viwili viko kinywani mwake, naye ananing'ata kwa ufizi akilalama kwamba nimemziba pumzi. Nasikia kuna waliocheka hadi wakashika mbavu. Chekeni, jamani, hamna kosa. Hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mwingine.

Kwa aliyeingia leo nitamfupishia, asije akakaa kama mgeni wa msibani asiyejua nani kafa.

Mimi ni fundi meno. Si daktari. Fundi. Daktari anakaa mbele kwenye kiti cha kuzunguka, anang'oa na kupokea shukrani. Mimi nakaa nyuma, kwenye maabara yake isiyo na dirisha, natengeneza meno ya bandia. Bibi akiondoka na tabasamu, anamshika daktari mkono. Mimi hata jina langu halijui.

Mume wangu, Baba Pacha, ni fundi dari. Anabandika jasi kwenye nyumba za watu wenye nafasi. Mimi nakoroga jasi ya kumwagia vipimo vya vinywa, yeye anakoroga ya kuziba nyufa. Jioni tunarudi weupe kuanzia kope hadi kucha, na majirani hawatuachi: "Nyumba hii unga kila siku, na sufuria haijawahi kufurika!"

Kisa kilianza na dalali wa mtaa wetu. Huyu bwana ana simu kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Alimsomea Bi Mkubwa kwenye simu kwamba fundi wa maabara ya meno, katika mji kama huu wetu, analipwa kiasi fulani kwa mwezi. Niliposikia hicho kiasi nilitaka kuuliza hiyo kazi inaombwa wapi.

Kesho yake Bi Mkubwa akapandisha kodi.

Simu ilisema mshahara. Haikusema bei ya mkaa, wala ya ndoo ya maji, wala ada ya watoto wawili waliozaliwa siku moja, wanaotoboa viatu siku moja na kufukuzwa shule siku moja. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nikamwendea daktari, mikono nyuma, kuomba nyongeza.

"Fundi," akaniambia kwa upole kabisa, "hiyo maabara inajiendesha kwa hasara. Nakuvumilia tu kwa sababu ya ubinadamu."

Nikarudi nyumbani nimenywea. Hapo ndipo nilipomtazama Bi Mkubwa, na kwa mara ya kwanza nikamtazama kama fundi. Hakuwa na jino hata moja.

"Mama," nikamwambia, "nikikuwekea meno, juu na chini, kodi itabaki ile ile ya zamani?"

"Mwaka mzima, mwanangu. Nakuapia."

"Na mimi nina sharti. Usimwambie mtu nani katengeneza. Mkataba wangu wa kazi unasema nikikamatwa na kazi ya nje, nafukuzwa siku hiyo hiyo."

Akaapa. Kwa marehemu mumewe akaapa. Ndipo nikaingiza vidole.

Basi, sasa tuendelee.

Meno yalitoka vizuri. Najisifu, ndiyo, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Na nitawaambia kwa nini yalitoka vizuri, kwa sababu jambo hilo dogo ndilo lililonimaliza.

Nilipoanza kazi kwa daktari, nilikuwa na kawaida ya kugeuza chonge moja kidogo. Chonge ni lile jino lenye ncha, la pembeni. Kinywa cha mtu hakinyooki kama uzio. Ukigeuza chonge ya juu kidogo tu, kama mtu anayechungulia, meno yanaonekana yameota yenyewe. Hakuna atakayejua ni ya dukani.

Daktari aliitazama kazi yangu ya kwanza akakunja uso.

"Fundi, hili jino limelewa?"

"Hapana, daktari. Ndivyo meno ya watu yalivyo."

"Wateja hawanilipi ili wafanane na watu. Wananilipa wafanane na picha ukutani. Nyoosha."

Nikanyoosha. Miaka yote hiyo nanyoosha. Mkono ukishazoea kuamriwa, unasahau kwamba uliwahi kuwa na akili yake.

Lakini Bi Mkubwa hakuwa mteja wa daktari. Alikuwa wangu. Nikamgeuzia chonge.

Alijiangalia kwenye kioo. Akageuza shavu huku, akageuza kule. Akafunga mdomo, akaufungua. Halafu machozi yakamtoka.

"Yanakuuma, mama?"

"Hapana," akasema. "Huyu namfahamu. Nilidhani alikwisha kufa."

Mimi nami nikalia. Tukakaa pale barazani tunalia kama mabinti, Baba Pacha anatoka chumbani anauliza nani kafariki.

Raha yangu ilidumu siku chache. Mwenye meno mapya hakai nayo ndani. Bi Mkubwa, aliyekuwa akijifunika mtandio hadi puani, sasa alikuwa anacheka hata na mbuzi. Na siri yangu aliitunza vizuri sana hadi alipokutana na shoga yake, muuza mkaa.

"Nimemwambia yeye tu," akanieleza, "na nimemwapisha."

"Mama!"

"Naye hana meno, mwanangu. Anataka kama yangu. Atakupa mkaa. Magunia mawili!"

Nilitaka kukasirika. Mdomo ukafunguka kukasirika kabisa. Lakini magunia mawili ya mkaa, wapenzi wasomaji, mnajua ni miezi mingapi? Hasira zikatafuta pa kukaa, zikakosa.

"Alete ufizi wake," nikasema.

Tangu hapo nikaingiwa na wazimu. Nikawa siwaoni watu, naona vinywa tu. Muuza maziwa akinisalimu, namhesabia magego. Mwalimu wa watoto anadai ada, mimi nampima pengo la mbele nikijiuliza kama linatosha muhula mmoja au miwili. Usiku najigeuza kitandani, Baba Pacha ananiuliza nini, nasema joto. Na kinyozi hajinyoi: mimi mwenyewe nina pengo upande wa kushoto, nalificha kwa ulimi nikicheka.

Basi juzi Bi Mkubwa akaniita barazani. Nilikuta amevaa nguo ya kutokea.

"Kaa, Mama Pacha. Nina habari njema."

Mwenye nyumba akisema ana habari njema, mpangaji ashike roho yake.

"Naenda kuishi kwa mwanangu," akasema. "Ananiita siku nyingi. Nilikuwa nakataa kwa sababu ya mkwe wangu. Ningekulaje mbele yake, natafunatafuna kama sungura? Sasa sina haya tena. Umenirudisha kwa watu, mwanangu. Mungu akulipe."

"Amina, mama. Na nyumba?"

"Nauza."

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

"Na kodi yetu? Mwaka mzima?"

Akaniangalia kwa huruma, na yale meno yangu yakaniangalia pamoja naye.

"Utazungumza na mnunuzi. Dalali amempata mtu mwenye uwezo. Anakuja Jumamosi kuiona."

Mnaona jinsi nilivyojipalia makaa? Ningemwacha na ufizi wake, asingekwenda popote. Mkono wangu mwenyewe ndio uliomfungulia mlango, na kupitia mlango huo huo ndipo ninapotolewa mimi.

Baba Pacha alipopewa habari alikaa anakwangua jasi kwenye kucha kwa njiti ya kibiriti. Huyu mume wangu haongei sana. Ukimsikia amesema, ujue ameshaamua.

"Mnunuzi naye ni binadamu," akasema mwishowe. "Tutamwomba."

"Na asipokubali?"

"Basi nitasema naye mimi."

"Utamwambia nini, baba? Utamzibia dari?"

Akacheka, na mimi nikacheka, ila kicheko changu kilikatikia njiani.

Jumamosi ikafika. Nimetoka kazini mchana. Baba Pacha yuko kwenye kibarua chake, watoto wako kwa bibi yao. Mimi nipo chumba cha nyuma, na kwenye jiko langu humo humo nimeinjika meno ya muuza mkaa.

Ndiyo, nimeinjika. Meno ya bandia hupikwa. Unga wa rangi ya waridi unachanganywa na dawa yake ya maji, unashindiliwa kwenye flaski, kile kikopo kizito cha chuma kinachobana umbo la jasi, halafu flaski nzima inachemshwa. Ikishaingia kwenye maji hutakiwi kuitoa kabla ya wakati, la sivyo ufizi unaota mapovu kama mkate. Ikiiva hutakiwi kuifungua hadi ipoe, la sivyo unapinda. Na ile dawa ina harufu. Inapanda puani kama rangi ya kucha, na aliyewahi kuinusa haisahau.

Nikasikia gari limesimama nje. Dalali anasema, "Karibu, mheshimiwa, karibu, hii ndiyo yenyewe." Nikajisemea, huyu ndiye mtu wa kupigiwa magoti. Nikajifuta mikono, nikashika pazia la mlango nitoke.

"Ahsante," mtu akajibu. "Uwanja si mbaya."

Sauti ile naisikia kila siku nyuma ya ukuta wa maabara. Ilikuwa ya daktari wangu.

Nikaliachia pazia taratibu. Nikaangalia jiko. Flaski ilikuwa inagongagonga ndani ya sufuria, go, go, go. Kuitoa siwezi, kuifunika nimeshaifunika. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba na koleo la moto mkononi, sijui niende wapi. Chumba chenyewe hakina pa kwenda.

Wakakaa barazani upande wa uani, hatua chache kutoka pazia langu. Kila neno nilikuwa nalipata.

"Nitaigeuza yote," daktari alikuwa anasema. "Mbele kliniki ya pili. Nyuma maabara. Kile chumba chenye pazia kina maji?"

"Bomba liko mlangoni kabisa," dalali akajibu.

"Safi. Hicho ndicho maabara. Kuna mpangaji?"

"Atatoka tu, mheshimiwa. Mpangaji ni mtu wa kutoka."

Nikakaza koleo hadi vidole vikaniuma.

"Na fedha ipo, daktari?" dalali akauliza kwa adabu ya kidalali. "Samahani kuuliza."

"Ipo. Maabara ndiyo inayoninunulia. Kung'oa ni pesa ya mboga. Meno ya bandia ndiyo biashara."

Hasara! Ubinadamu! Mimi huyu nimekuwa nikienda kazini kwa miguu nikimwonea huruma daktari kwa hasara yake!

"Lakini mafundi wa meno si wanalipwa sana?" dalali akasema. "Mimi nimesoma kwenye simu." Akataja kile kiasi.

Daktari alicheka hadi akakohoa.

"Ningekuwa namlipa fundi wangu hivyo, hii nyumba ningeinunua kwa pesa gani?"

Halafu nikamsikia Bi Mkubwa, sauti yake imepungua.

"Wewe dalali, si uliniambia analipwa hivyo? Si nikampandishia mtu kodi kwa maneno yako?"

"Bi Mkubwa, simu ndiyo ilisema."

"Simu yako inalipa kodi wapi?"

Nilitaka kumkumbatia. Na nahisi alipomaliza alimtazama mgeni na kutabasamu kidogo kuficha aibu, kwa sababu daktari aliinuka ghafla. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Bibi. Hebu cheka tena."

"Nicheke nini?"

"Cheka tu, bibi. Nakuomba."

Akacheka kicheko cha kulazimishwa.

"Hayo si meno yako."

"Ni yangu! Nimeyalipia!"

"Namaanisha ni ya kutengenezwa. Mimi ni daktari wa meno na ilibaki kidogo nisijue." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyeokota kitu njiani. "Angalia hii chonge ilivyogeuzwa. Kidogo tu. Nani amekutengenezea?"

Nikafumba macho. Sasa ndio basi, nikasema moyoni. Amejua mkono wangu.

"Ni... ni bwana mmoja," Bi Mkubwa akasema.

Alikuwa anatunza kiapo, maskini. Na akiwa anatunza, akaona afadhali akipambe.

"Bwana mmoja mtu mzima, hana makuu. Mkono wake una baraka."

"Yuko wapi?"

"Yupo yupo."

"Bibi, sikiliza. Wateja wangu wamechoka meno ya sanamu. Kliniki ile mpya ya ng'ambo ya soko inawachukua mmoja mmoja. Fundi wangu ana bidii, sikatai, lakini anapanga meno kama matofali. Namtaka huyu bwana. Nitamlipa mara mbili ya ninavyomlipa wangu."

Mara mbili! Nyuma ya pazia nilijikuta nimeuma midomo. Kodi, mkaa, ada, maji, viatu jozi mbili. Vyote vilinipita mbele ya macho vinanipungia mkono.

"Na huyo wako?" Bi Mkubwa akauliza polepole.

"Mafundi wawili kwenye maabara moja ya nini? Atatafuta pengine."

"Na kama," Bi Mkubwa akaanza, nikamsikia anavyotafuta njia ya kupita bila kukanyaga kiapo, "na kama huyo fundi wa mkono wa baraka ni mtu ambaye wewe daktari unamfahamu?"

"Ningekuwa namfahamu, bibi, ningekuwa nimeshamwajiri."

Sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga mtu. Yeye ndiye aliyeninyoosha! Nilimpa chonge hii hii siku ya kwanza, akaniuliza kama imelewa. Leo anaitafuta kwa mara mbili, na ili ampate mwenye mkono huu lazima anifukuze mimi.

Toka, nikajiambia. Toka sasa hivi useme. Nikakumbuka mkataba: kazi ya nje, kufukuzwa siku hiyo hiyo. Nikakumbuka alivyosema matofali. Ataniamini? Nikapiga hatua moja kwenda mlangoni, nikarudi moja nyuma. Nikaenda, nikarudi. Koleo liko mkononi, jasho linanitiririka mgongoni.

"Ngojeni," daktari akasema nje. "Hii harufu inatoka wapi?"

"Harufu gani?" Bi Mkubwa akadakia. "Hapa hakuna harufu. Ni jirani anapika."

"Anapika nini?"

"Anapika tu! Wewe daktari, twende nikuonyeshe choo, choo ndicho kizuri kuliko vyote."

Lakini nyayo zilikuwa zinakuja. Pazia likavutwa.

Tukatazamana. Yeye na shati lake la pasi, mimi na kanga kiunoni na koleo mkononi. Jasi imenikauka kwenye nyusi.

"Fundi?"

"Karibu, daktari," nikasema, kana kwamba nilikuwa nimemwalika.

"Unakaa hapa?"

"Napanga hapa."

Akaingia. Akainua mfuniko wa sufuria, mvuke ukamfuka usoni. Akaiangalia flaski inavyogongagonga. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Bi Mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika mdomo kwa mikono miwili, kana kwamba meno yangetoka yenyewe kwenda kutoa ushahidi.

Niliona uso wa daktari unapangua na kupanga hesabu. Nikangoja. Nilijua sasa atasema, kumbe ni wewe. Nilikuwa tayari kwa lolote litakalofuata, ilimradi aliseme hilo kwanza.

"Kumbe mnafahamiana!" akasema. "Yuko hapa hapa! Wewe unamchemshia, siyo? Mbona hukuniambia siku zote, fundi? Haya, mambo ya mkataba tutayazungumza baadaye. Yuko wapi mwenyewe?"

Nikamtazama. Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Mtu ananikuta kwenye chumba changu, kwenye jiko langu, koleo mkononi mwangu, ananiuliza mwenyewe yuko wapi.

"Daktari," nikasema, na sauti ilinitoka ikiwa na kutu. "Mwenyewe ni..."

Geti likalia.

Baba Pacha aliingia uani na ndoo yake ya kazi. Alikuwa mweupe kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, jasi mbichi, bado inang'aa. Aliona gari nje, aliona dalali barazani, akaona mlango wetu umejaa watu. Akamwona daktari. Hawajawahi kukutana, lakini habari za huyu mtu namsimulia mume wangu kila chakula cha jioni. Akaiona sufuria iko wazi na mimi nimesimama kando yake nimekauka kama mwizi.

Nilimwona akielewa. Na aliyoyaelewa yalikuwa mkewe amekamatwa.

Daktari naye alikuwa anaangalia ile mikono myeupe, macho yanamng'aa.

"Ni wewe uliyemtengenezea bibi huyu meno?"

Nikatikisa kichwa. Nilitikisa kwa nguvu zote, nikamtolea mume wangu macho ya hapana, hapana, usiseme kitu. Alinitazama, na akanifanyia ishara ndogo ya kunituliza, ile anayoifanyaga watoto wakiumwa.

Akaweka ndoo chini.

"Ni mimi," akasema. "Mke wangu hahusiki kabisa. Hata hajui kinachopikwa humo. Kama kuna kosa, daktari, kosa ni langu mimi peke yangu."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka yote nikilalamika kwamba haongei. Siku aliyoongea, akaongea hivyo.

"Kosa?" Daktari akamrukia, akaikamata ile mikono yenye jasi yote miwili, akaitikisa hadi unga ukamwagikia shati lake la pasi. "Kosa gani, bwana? Jumatatu asubuhi unaanza kazi kwangu! Mara mbili ya mshahara, na hiki chumba kitakuwa maabara yako!"

Baba Pacha akanitazama mimi.

"Na wewe, fundi," daktari akanigeukia, kwa upole ule ule wa siku ya hasara, "mkataba unajua ulivyosema. Lakini sitakufanyia ubaya, riziki imebaki humu humu nyumbani. Jumatatu njoo naye umkabidhi funguo. Umwonyeshe vitu viliko."

Bi Mkubwa alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Nilimwangalia. Aliniangalia. Kiapo chake kilikuwa kimemkaba kooni, na mimi ndiye niliyemkaba. Nikisema ukweli sasa, mume wangu ni mwongo, mimi ni mvunja mkataba, na hata hiyo mara mbili inapotea.

Halafu daktari akaninyang'anya koleo. Hakufanya kwa ubaya, alilichukua tu kama mtu anavyochukua kitu kilichowekwa pasipo pake. Akampa mume wangu.

"Epua," akamwambia. "Najua haifunguliwi hadi ipoe, nitasubiri. Leo sina haraka. Nataka uifungue mbele ya macho yangu, niuone mkono huo ukifanya kazi. Bibi, kuna kiti?"

Dalali akaleta kiti mbio. Daktari akakaa mlangoni kwetu, mguu juu ya mguu, anatazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

Baba Pacha akaiepua sufuria, akaiweka sakafuni; kwa bahati wakati wa kuiva ulikuwa umeshafika. Maji yakaacha kutokota. Akachuchumaa mbele yake na lile koleo, amelishika kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Mimi nikachuchumaa kando yake, nikajifanya nampangusa jasi begani.

Hajui gego wala chonge. Hajawahi hata kuigusa flaski, maana nilimkataza. Akainamisha kichwa hadi sikio langu.

"Mama Pacha," akaninong'oneza. "Humo ndani mna nini?"